Siku nne kutoka Cumberland hadi Pittsburgh: tathmini ya njia ya baiskeli ya Great Allegheny Passage

Njia ya baiskeli iitwayo Great Allegheny Passage haina lango, haina kiingilio wala mkata tiketi, na huenda mtu akasema kwamba haifai kutathminiwa kama inavyotathminiwa hoteli au duka. Mimi naona inafaa. Kilomita 240 zinazotoka Cumberland katika jimbo la Maryland hadi Pittsburgh katika jimbo la Pennsylvania, nchini Marekani, zinatunzwa na watu, zina vituo vya wageni, zina maegesho na vyoo, na zinapita katika miji ambayo sasa inawategemea kwa kiasi kikubwa wapita njia hao wenye baiskeli, nasi tunaokwenda huko tunatumia siku zetu za likizo na fedha zetu tukitarajia kupata kitu. Nilikwenda na shemeji yangu, kaka wa mke wangu, kwa siku nne za mwisho wa Septemba. Jambo kubwa tulilopewa kule ni upole wa mwinuko: njia inavuka milima ya Appalachian kutoka ubavu mmoja hadi wa pili, katikati ya misitu na kando ya mito, na katika njia yenyewe hakuna mahali ambapo mtu mwenye pumzi ya kawaida atalazimika kushuka na kuisukuma baiskeli yake.

Upole huo una sababu. Garimoshi haliwezi kupanda mlima kama lori linavyopanda, na sehemu ya njia iliyo kati ya Cumberland na Connellsville ilikuwa reli ya kampuni ya Western Maryland, iliyojengwa kati ya mwaka 1910 na 1912. Ili mabehewa ya makaa ya mawe yapite, wahandisi walitoboa mahandaki, wakajaza makorongo na kunyanyua madaraja marefu juu ya mabonde, na mwinuko wote wakauweka chini ya asilimia mbili. Treni ziliacha kupita hapo mwaka 1975, reli ikang'olewa, lakini kazi ya wale waliochimba kwa sururu na baruti ikabaki palepale, ikisubiri mtumiaji mwingine. Kipande cha kwanza cha njia ya baiskeli, kati ya Ohiopyle na Confluence, kilifunguliwa mwaka 1986, na kipande cha mwisho cha kuingia Pittsburgh kikakamilika mwaka 2013. Katikati ya miaka hiyo kuna miaka 27 ya kununua ardhi, kukarabati madaraja na kutafuta fedha, kazi ambayo sehemu yake kubwa ilifanywa na watu wa kujitolea, na ambayo bado wanaifanya: siku ya pili ya safari yetu tuliwakuta wazee watatu wakikata matawi yaliyoangukia njia, nao walisimamisha msumeno ili tupite, wakatuuliza tunatoka wapi na tunakwenda wapi.

Kabla sijaieleza njia, niseme juu ya chombo. Baiskeli ya changarawe ina usukani uliopinda chini kama wa baiskeli ya mashindano, lakini tairi zake ni pana, breki zake ni za sahani, na gia zake zinashuka chini vya kutosha kumsaidia mtu aliyebeba mizigo. Mimi nina ya kwangu, yenye tairi za milimita 40, na sikuona sababu ya kutamani tairi pana zaidi wala nyembamba zaidi. Shemeji alikodi. Duka alilokodi, ambalo sitalitaja, lilimpa baiskeli yenye fremu nzuri na mnyororo mkavu uliokuwa ukilia kama mlango wa ghala, na skrubu mbili za keria zilikuwa hazikukazwa. Tuligundua hilo kilomita 20 baada ya kuondoka, mfuko mmoja ulipoanza kugusa njiti za gurudumu la nyuma. Hatukuumia, lakini mfuko ungeingia katika gurudumu wakati wa kuteremka, habari ingekuwa nyingine. Kwa hiyo yeyote anayekodi na aizungushe baiskeli yake mwenyewe kabla ya kutia sahihi: akaze kila skrubu, abonyeze breki zote mbili, atazame kama mnyororo una mafuta, na adai pampu, tyubu ya akiba na vyombo vya kutolea tairi. Fundi mwenye heshima hataudhika kwa kuombwa hayo.

Watu wengi huanzia Pittsburgh, kwa hoja kwamba upande wa magharibi unapanda polepole sana kwa zaidi ya kilomita 200, kisha mtu anamalizia na mteremko wa kilomita 38 hadi Cumberland. Ni hoja nzuri, lakini sisi tulifanya kinyume, na nitawashauri wengine wafanye hivyo. Ukianzia Cumberland unaumaliza mlima siku ya kwanza ukiwa na nguvu mpya, na siku zote zinazofuata unayafuata maji. Unakutana na kijito, kijito kinakuwa mto, mto unaingia katika mto mwingine, hadi unafika pale Pittsburgh ambapo Monongahela na Allegheny inakutana na kuuzaa mto Ohio. Safari inakuwa na mtiririko, na mtu anaelewa kwa nini miji ipo pale ilipo.

Cumberland yenyewe inafaa kupewa nusu siku. Stesheni ya matofali iliyojengwa mwaka 1913 bado imesimama mahali njia inapoanzia, na hatua chache kutoka hapo ndipo unapokomea mfereji wa kale wa Chesapeake na Ohio, ambao njia yake ya kando, iliyokuwa ya nyumbu waliovuta mashua, inakwenda kilomita 297 hadi Washington. Wapo wanaoziunganisha njia hizo mbili katika safari moja. Ile ya mfereji ni ya udongo zaidi, na mvua ikinyesha matope yake hayana huruma, kwa hiyo sitaichanganya na tathmini hii.

Kutoka mjini njia inapita katika genge kati ya milima miwili, kisha inaanza kupanda sambamba na reli ambayo bado inatumiwa na treni ya watalii ya kwenda Frostburg. Treni hiyo inavutwa baadhi ya siku na garimoshi la mvuke namba 1309, lililoundwa mwaka 1949 na kurudishwa kazini mwaka 2021, nasi tulibahatika kulisikia likija nyuma yetu, mlio wake ukiujaza bonde lote kabla hatujaliona. Katika handaki la Brush, njia na reli zinapita pamoja, na ni marufuku kuingia wakati treni imo ndani. Katazo hilo lisifanyiwe mzaha, kwa kuwa moshi unajaa haraka. Mwinuko hapa ni wa kudumu lakini hauumizi. Mimi nilikulia Mombo, chini ya milima ya Usambara, ambako barabara ya kwenda Lushoto inapanda takriban mita 1,000 katika kilomita 33 hivi, na vijana wanaoteremsha mboga kwa baiskeli wanaijua kila kona yake. Hapa unapanda takriban mita 545 katika kilomita 38. Tofauti hiyo inasikika magotini.

Baada ya Frostburg na handaki la Borden, ambalo halina taa na linahitaji uwe na ya kwako, tulifika mahali ambapo mstari umechorwa kukata njia, na mawe yamesimamishwa kuonyesha mpaka wa Maryland na Pennsylvania. Ni mstari wa Mason na Dixon, uliopimwa kati ya mwaka 1763 na 1767 ili kumaliza ugomvi wa ardhi, na ambao baadaye ukawa katika fikra za watu mpaka kati ya majimbo ya utumwa na majimbo ya uhuru. Pennsylvania ilipitisha sheria ya kuuondoa utumwa hatua kwa hatua mwaka 1780. Maryland iliuondoa mwaka 1864. Kati ya miaka hiyo, mtu aliyekuwa mali ya mwingine upande wa Maryland alikuwa na sababu ya kuhatarisha maisha yake ili auvuke mstari ambao sisi tuliuvuka kwa kuzungusha pedali mara moja. Tulikaa pale muda mrefu kuliko mahali pengine popote siku hiyo. Msafiri mweusi asipite hapo bila kusimama.

Mbele kidogo kuna handaki la Big Savage, lenye urefu wa mita 1,004. Lina taa, lakini ndani yake kuna baridi ya kupenya mifupa hata siku ya jua, na ukungu hutanda mdomoni. Ulivae koti kabla ya kuingia. Kabla tu ya mdomo wa mashariki kuna mahali pa wazi panapoonyesha safu baada ya safu ya vilima vyenye misitu kuelekea Maryland, na ingawa nimeziona picha nyingi za mahali hapo, hakuna iliyoniandaa kwa ukubwa wake. Handaki hili hufungwa wakati wa baridi kali, kwa kawaida kuanzia katikati ya Desemba hadi mwanzo wa Aprili, ili barafu isiharibu kuta, na hakuna njia rahisi ya kulizunguka. Atakayepanga safari ya miezi hiyo ajue hivyo mapema.

Kilomita chache baada ya handaki, njia inapita chini ya barabara katika kivuko kilichochorwa picha ukutani pamoja na umbo zima la safari, kupanda kwake na kushuka kwake. Hapo ni mita 729 juu ya usawa wa bahari, na ndipo maji yanapogawanyika: tone linaloangukia mashariki litakwenda Potomac na ghuba ya Chesapeake, na tone linaloangukia magharibi litafuata mito hadi Mississippi na ghuba ya Mexico. Shemeji, ambaye kabla ya safari hii hakuwahi kuendesha zaidi ya kilomita 25 kwa siku moja, aliniuliza, "Shemeji, mlima wenyewe uko wapi?" Nikamwambia, "Huu hapa, tumeshaumaliza." Hakuniamini hadi alipousoma ukuta.

Tulilala Meyersdale, mji mdogo ambao stesheni yake ya zamani sasa ni makumbusho na kituo cha wageni. Mhudumu wa kituo alitueleza kila kitu tulichotaka kujua na mengine tusiyojua kuyauliza, akatujazia chupa za maji na kutuonyesha mahali pa kula. Asubuhi yake, tukiwa hatujamaliza hata kilomita tatu, tulipanda juu ya daraja la Salisbury. Daraja hilo lina urefu wa mita 582 na linapita takriban mita 30 juu ya bonde la mto Casselman, na chini yake unaona mashamba, barabara kuu, reli inayofanya kazi na mto wenyewe, vyote vikiwa vidogo kama vya kuchezea. Ukungu ulikuwa unanyanyuka mtoni. Tulitembea kwa miguu kulivuka, si kwa sababu ya hofu, bali kwa sababu kwenda kasi kungekuwa ni kupoteza.

Kuanzia hapo hadi Confluence ni bonde la Casselman, na ndicho kipande chenye utulivu mkubwa zaidi katika njia yote. Misitu ya mialoni na maple inafunika pande mbili, mto unasikika hata usipoonekana, na kwa saa nzima unaweza usikutane na mtu. Simu zetu hazikuwa na mtandao kwa muda mrefu katika eneo hilo, kwa hiyo ramani ipakuliwe kabla. Handaki la Pinkerton, lenye urefu wa mita 259, lilifunguliwa tena mwaka 2015; kabla ya hapo waendeshaji walilazimika kuzunguka kilima. Na jina la Confluence linaeleza mji ulivyo, kwa kuwa maana yake ni makutano: Casselman, Youghiogheny na kijito cha Laurel Hill vinakutana hapo. George Washington, akiwa afisa kijana, alifika makutano hayo mwaka 1754 akitafuta njia ya maji ya kwenda magharibi, na maporomoko yaliyo mbele ndiyo yaliyomwonyesha kwamba mto huo haufai kwa mashua zake.

Maporomoko hayo ndiyo ya Ohiopyle, na kama msomaji ana siku moja tu ya kutumia katika njia hii yote, aitumie hapa. Mto Youghiogheny, ambao kutoka Confluence umekuwa ukienda kwa adabu kando yako, unaanguka takriban mita sita katikati ya kijiji, kisha unapinda kama kiatu cha farasi kuzunguka rasi yenye msitu. Njia ya baiskeli haifuati upindo huo. Inaukata kwa madaraja mawili marefu, na kutoka juu yake unawaona watu wakishuka kwa mitumbwi ya mpira kati ya mawe, wakipiga kelele za furaha na za woga. Kijiji ni kidogo sana, chenye wakazi wachache na wageni wengi, na Jumamosi mchana foleni ya chakula ilikuwa ndefu. Lakini jioni, magari yalipoondoka, tulikaa kwenye mawe ya kandokando tukisikiliza maji hadi giza lilipoingia, na shemeji, ambaye si mtu wa maneno mengi, alisema kwamba atamleta mama yake. Nyumba maarufu ya Fallingwater, iliyobuniwa na Frank Lloyd Wright katika miaka ya 1930, haiko mbali, ila barabara ya kuifikia ina vilima vikali na magari, na tiketi hununuliwa mapema, sisi tuliiacha.

Siku ya tatu ndiyo iliyobadili nilichokuwa nafikiri juu ya safari hii. Kutoka Ohiopyle hadi Connellsville ni msitu na mto, karibu kilomita 27 za mteremko mdogo ambao huoni ila unausikia miguuni. Kisha historia ya viwanda inaanza. Makaa ya mawe ya eneo la Connellsville yalikuwa bora kwa kutengenezea koki, yaani makaa yaliyookwa ili yawe na joto la kuyeyushia chuma, na mabaki ya tanuri zake, zenye umbo la mzinga wa nyuki, bado yapo msituni karibu na njia, miti ikiwa imeota juu yake. Mfanyabiashara Henry Clay Frick alijipatia utajiri wake wa kwanza kwa koki hiyo. Ukiendelea kushuka unapita Whitsett, kijiji kilichojengwa kwa ajili ya wachimbaji, nyumba zake zikiwa zimepangwa safu na zinafanana, na vijito vinavyoingia mtoni vina rangi ya kutu kwa sababu ya maji yanayotoka katika migodi iliyoachwa.

Karibu na Van Meter kuna alama ya kumbukumbu ya mgodi wa Darr, uliolipuka tarehe 19 Desemba 1907 na kuua watu 239. Wengi wao walikuwa wahamiaji, Wahangaria wakiwa wengi, watu waliovuka bahari kuja kutafuta riziki wasiyoipata kwao. Mimi pia nimevuka bahari kwa sababu hiyo hiyo. Nilisoma maneno yale nikiwa nimeshika usukani wa baiskeli iliyogharimu mshahara wa wiki kadhaa, katika siku ya mapumziko yenye malipo, na nilipoendelea na safari sikuweza kuiona njia kama uwanja wa michezo tu. Hilo ni sifa ya njia hii, wala si dosari yake. Waliotengeneza mabango ya historia wameyaandika kwa ukweli, kwa maneno machache, na wameyaweka pale mambo yalipotokea.

Tulilala West Newton, na siku ya mwisho tukaingia katika bonde la Monongahela. Atakayetafuta msitu hapa hataupata. Kuanzia McKeesport njia ina lami, inapita kando ya reli zinazofanya kazi, viwanda, maduka makubwa na uzio mrefu. Nimesikia wengine wakisema kilomita hizi 30 za mwisho hazina maana. Sikubaliani nao. Kituo cha pampu cha kiwanda cha chuma cha Homestead kimesimama kando ya njia, na hapo ndipo tarehe 6 Julai 1892 wafanyakazi wa kiwanda cha Andrew Carnegie walipopambana na walinzi wapatao 300 waliokodiwa na kuletwa kwa mashua ili kuuvunja mgomo wao. Aliyekuwa akikisimamia kiwanda ni Frick yule yule wa koki ya Connellsville. Mtu aliyeanza na maji kule mlimani ameyafuata makaa, ameifuata koki, na sasa amefika kwenye chuma, kwa mpangilio ule ule ambao mabehewa yaliufuata. Kisha unavuka mto kwa daraja ambalo zamani lilibeba chuma kilichoyeyuka kutoka ng'ambo moja hadi nyingine, na ambalo jina lake, Hot Metal Bridge, bado linakumbusha kazi hiyo. Sasa upande wake mmoja ni wa waendao kwa miguu na kwa baiskeli. Baada ya hapo kuna kilomita chache tu hadi ncha ya bustani ambapo mito inakutana.

Sasa nirudi kwenye mambo ya matumizi. Uso wa njia, nje ya miji, ni mawe ya chokaa yaliyosagwa na kushindiliwa, na siku ya pili mvua ilinyesha saa mbili bila kuleta matope ya kuzuia gurudumu. Ilipokatika, baada ya muda mfupi njia ilikuwa imekauka. Vumbi jeupe lake hushika mnyororo, kwa hiyo ufutwe na kutiwa mafuta kila jioni. Anayependa changarawe kali, mawe makubwa na miteremko ya kutisha ataiona njia hii kuwa laini mno, naye asiende akalalamika. Vyumba vya kulala ndiyo gharama kubwa na ndiyo shida kubwa: miji ni midogo, nyumba za wageni ni chache, na mwishoni mwa juma, hasa Oktoba majani yanapogeuka rangi, hujaa wiki nyingi kabla. Nyumba moja tuliyolala ilitudai malipo kamili ya chumba ambacho dirisha lake halikufungika, na usiku wa milimani si wa Dar es Salaam. Nyingine mbili zilikuwa safi, zenye mahali pa kufungia baiskeli na bomba la kuzioshea, na kifungua kinywa cha kumtosha mtu anayefanya kazi ya shamba.

Kwa chakula, Mwislamu ajiandae. Kati ya Cumberland na McKeesport hatukuona mgahawa wa halali, na katika vijiji vingi chaguo ni nyama ya kusaga ndani ya mkate au nguruwe. Tuliishi kwa samaki, mayai, viazi na chapati tulizozibeba kutoka nyumbani kwetu Silver Spring, Maryland, ambazo zilidumu hadi siku ya tatu na zilitusaidia kuliko vyakula vya pakiti. Maji yapo mijini, lakini kati ya mji na mji umbali unaweza kuzidi kilomita 20, basi chupa mbili ni za lazima. Kupe nao wapo, na wanaeneza maradhi. Kila jioni tulikaguana miguu na mgongo, na shemeji alimkuta mmoja. Kuhusu mapokezi ya watu, niliulizwa na wenzangu kabla ya kuondoka kama itakuwa salama kwa Waafrika wawili kupita katika vijiji vile. Katika siku nne tulisalimiwa na kila mtu tuliyekutana naye njiani, tulisaidiwa mara mbili bila kuomba, na hatukusikia neno baya hata moja.

Kurudi ni kwa treni ya Amtrak, inayochukua baiskeli kwa ada, mradi nafasi imewekwa mapema kwa kuwa ni chache. Tuliitumia pia kwenda Cumberland jioni ya kuamkia safari. Kutoka Pittsburgh inaondoka kabla ya jua kuchomoza, jambo linalomlazimu mtu kulala karibu na stesheni, na inapita katika mabonde yale yale uliyoyaendesha, kwa hiyo tulikaa dirishani tukiyaona upya kwa mwendo wa kinyume, kuanzia kulipopambazuka hadi Cumberland.

Mama mkwe amekubali kuja mwakani, watoto wangu wawili pia. Tutawapeleka kipande kile cha kwanza kabisa, cha mwaka 1986, kutoka Ohiopyle hadi Confluence na kurudi, kilomita 34 hivi kwa jumla, kivuli kikiwa juu na mto ukiwa pembeni muda wote. Nimeshaweka vyumba. Baiskeli ya mama tutaikodi huko huko, na nitaikagua mwenyewe kabla hajaipanda.